Mizani ya Baba

Jumanne, Alhamisi, Jumamosi,
saa kumi na moja alfajiri, Juliaca imejikunyata kwa baridi,
namvua baba poncho, sweta, sweta la pili, viatu,
anapanda kwenye mizani ya kliniki
kama mtu aliyepandishwa mimbarini bila hotuba.
Kilo hamsini na nane.
Mwezi jana, hamsini na nane.
Nikashukuru. Nikamwandikia Wilber kule Lima:
Mzee hajapungua hata punje.

Muuguzi Yanet hakushukuru.
Alimbonyeza baba mguuni kwa kidole gumba,
shimo likabaki, likakaa,
kama alama ya kwato kwenye tope.
Kisha akauzungushia mkono wa juu vidole vyake,
mkono uliobeba magunia ya viazi tangu Azángaro,
na vidole vikakutana.
"Nyama inaondoka," akasema, "maji yanashika nafasi yake.
Mizani haitofautishi."

Maji yamezidi unga.
Na mpishi ni mimi.

Mimi niliyeambiwa siku ya kwanza: punguza.
Punguza chumvi, punguza nyama, maharage, ndizi, maziwa.
Nikapunguza mpaka sahani ikabaki na maua yake ya kuchorwa.
Mtu aliyelima viazi miaka arobaini,
anayevijua kwa majina kama watoto wa jirani,
kile cheusi, kile cha macho mengi, kile kimlizacho mkaza mwana akikimenya,
nilimkatia vipande kama kete,
nikaloweka, nikachemsha, nikamwaga,
nikachemsha tena, nikamwaga tena,
mpaka kiazi kikasahau kama kiliwahi kuwa na shamba.
Alitafuna. "Nimeshiba, mwanangu."
Nikaamini. Hakuna uongo mtamu kuuamini
kama shibe ya mgonjwa.

Halafu ile Jumapili.
Alitetemeka ndani ya blanketi nne.
Kipimajoto: thelathini na saba na nusu. Si kitu, nikasema.
Sikujua kwamba mwili uliokonda
hukosa hata kuni za kuwashia homa;
adui anaingia, wala hakuna wa kupiga mbiu.
Aliingilia kwenye mrija wa shingoni,
mlango tulioufungua wenyewe ili baba aishi.
Kikulacho ki nguoni mwako,
cha baba kilikuwa chini ya plasta.

Siku kumi na tisa wodini.
Daktari Choquehuanca aliigonga karatasi ya maabara kwa kalamu:
albumini, mbili nukta tatu.
"Figo zilishakufa, wewe bado unazilinda.
Mwenye figo umemwacha na njaa.
Akianza dayalisisi, chakula kinageuka. Hukuambiwa?"
Hatukuambiwa.
Au tuliambiwa koridoni, kwa Kihispania cha haraka,
baba akiitikia kwa kichwa, kwa adabu,
kama anavyowaitikia watu wote wenye makoti meupe.

Sasa nanunua mayai.
Ute wa mayai matatu kila asubuhi,
viini anakula paka, amenenepa kama mwenyekiti wa soko.
Samaki wa ziwani, kipande cha ukubwa wa kiganja.
Nanawa mpaka kwenye viwiko.
Yanet akibadilisha plasta, wote tunavaa barakoa,
mimi hata pumzi naizuia.

Leo mashine ilipomaliza: hamsini na tatu.
Amepungua, na kwa mara ya kwanza mizani imesema kweli.
Yanet akabonyeza mguu.
Shimo lilirudi. Si upesi, lakini lilirudi.

Kwenye teksi, baba akaninong'oneza kwa Kikechua,
lugha anayoiweka kwa mambo makubwa:
"Kile kimlizacho mkaza mwana. Kimoja.
Ukichemshe mara moja tu."

Nilikichemsha mara mbili.
Ila vipande, safari hii,
nilivikata vikubwa.