Mizunguko Thelathini na Miwili

Rawlins, Wyoming. Saa kumi alfajiri, baridi inang'ata masikio.
Nalizunguka lori langu, kiganja kikipapasa tairi baada ya tairi:
mizunguko thelathini na miwili, maili moja.
Alinipimia Lorna, nesi wa zahanati ya madereva,
kwa futikamba ya fundi cherehani.

Insulini imelala kwenye jokofu dogo,
ubavuni mwa mayai ya kuchemsha.
Soda nimeiacha. Donati bado zinaniita kwa jina.

Mwaka juzi Dwight aliniuliza dirishani,
mdomo umejaa chipsi:
"Unatafuta nini huko nyuma?"
Nikamjibu, pancha.

Mguu wake wa kushoto umetangulia kuzikwa.
Yuko kwa dada yake, Omaha,
na kila alfajiri hunipigia:
"Umefika wa ngapi?"

Wa kumi na tisa, Dwight.
Usinichanganyie hesabu.