Uzi Mweupe

Lilikuja Kizota mwezi wa saba, vumbi likitembea
kama lina miadi na mtu:
Dyna la mwaka themanini na nne, lenye nyumba mgongoni,
bati juu, mbao ndani, pazia la khanga iliyopauka.
Ndahani anaendesha. Shangazi yake, Bi Tabea Chisute,
akateremkia mlango wa nyuma.
"Usizime," akamwambia kijana. "Likizima haliwaki tena,
na mimi nimechoka kusukumwa na watu wa bodaboda."

Nikaanza na betri, maana betri haijui kuficha.
Vichwani imeota unga, mweupe na kijani,
kama ukoko uliosahauliwa sufuriani.
Maji moto, kijiko cha magadi, mswaki wa zamani:
ikatoa povu, ikalalamika, ikatakata.
Nikafuata ethi. Bolti imeliwa na kutu,
gari zima linaning'inia kwenye nywele mbili za shaba,
linaishi kwa mkopo.
Nikakwangua chasi mpaka chuma kikacheka.
Kuna watu hununua betri tatu
kabla ya kukwangua bolti moja.
Siwacheki. Wananilisha.

Penye fyuzi nikakuta karatasi ya sigara,
ile ya kung'aa, imekunjwa mara nne.
"Nani kafanya hivi?"
"Marehemu. Tulikuwa mnada wa Bahi, usiku,
sare arobaini za shule zinadaiwa asubuhi."

Cherehani bado iko pale, imefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Miaka kumi na tisa, mnada hadi mnada,
Kibaigwa, Manyoni, Kondoa,
mke anashona nyuma, mume yuko mbele na usukani.

Kisha nikabandua ubao wa ukutani, nikakaa chini.
Nyaya zote buluu.
Zote! Alipata rola moja kwa bei nzuri, akaitumia mpaka mwisho.
Tusi lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, nikaona:
kila waya umefungwa uzi shingoni,
mwekundu wa taa, wa kijani wa pampu ya maji,
wa njano wa inveta na cherehani,
mafundo madogo, ya mtu mwenye vidole vinene
aliyejitahidi.
Bi Tabea akainama, akagusa.
"Uzi wangu huu. Na mimi nilikuwa nalaumu panya."

Ukabaki mmoja, wenye uzi mweupe.
Unatoka chini ya usukani, unapita sakafuni,
unapanda ubavu wa kitanda, unaishia kwenye balbu
ndogo kama punje ya mtama.
Umechubuka penye pembe ya bati;
kila tuta, shaba inagusa chuma, na balbu inakonyeza.

"Huu wa nini?"
Akaokota skrubu yangu, akaifuta kwa pindo la gauni,
akaifuta tena.
"Nilikuwa nashona hadi saa nane za usiku,
usingizi naupatia njiani.
Akibonyeza mara mbili: niko macho, wewe lala.
Mara tatu: tumefika."

Ndahani hajui kitufe chochote.
Lakini tangu Machi, kila tuta, taa inakonyeza.
"Najua ni shoti," akasema. "Mimi si mtoto.
Ila sikuwa na haraka ya kukuletea."

Nikauliza niukate. Akaniangalia
kama mteja aliyeletewa suruali ya mguu mmoja.
Basi nikalehemu, nikauvisha mpira,
nikausogeza mbali na pembe ya bati.
Akamshusha Ndahani, akapanda mbele mwenyewe.
"Nenda kalale pale, uniambie."

Nikalala, buti zangu nikiziacha nje ya godoro.
Harufu ya chaki ya mshonaji, na mafuta ya mashine.
Upepo ukapiga bati, ukaacha.

Mara mbili.

"Inawaka?"
"Inawaka."
Nikangoja ya tatu.
Hakubonyeza.