Darasa la Pua

Chupa ndogo kumi na mbili, zimefungwa kwa pamba,
zimepangwa mezani katika chumba cha nyuma
pale Jambiani, ukutani mwa chumba cha kufulia.
Mwalimu Salome Chilewa, mtu wa Hombolo, Dodoma,
anatufunga macho kwa vitambaa vya mezani.
"Msiniambie mnachokijua. Niambieni mnachokinusa."

Faki akasema: asali.
Riziki akasema: ngozi ya kiatu, tena cha mtu tajiri.
Mie ilipofika ya saba nikanyamaza.
Ilikuwa karafuu. Lakini si karafuu tu:
karafuu ya siku ya tatu juu ya jamvi,
mvua imeiwahi kabla haijaanuliwa
na mama anapiga kelele Kiuyu nzima isikie.
Nikamwambia hivyo hivyo. Akaandika.
"Mize, hiyo mimi siwezi kumfundisha mtu."

Kidato cha pili sikumaliza.
Nilichambua karafuu kwa pishi, kucha zikawa nyeusi,
mpaka tangazo likaletwa kwa sheha:
vijana ishirini wasio na kazi, malazi bure, cheti.
Hawakuandika divai. Waliandika *huduma ya vinywaji*.
Sheha mwenyewe alidhani ni soda.

Sinywi. Nilimwambia siku ya kwanza,
mbele ya wote, sauti ikinitoroka.
Akanisogezea ndoo ya kutemea. Nikairudisha.
"Hata kuonja nikatema, sitaki."
Akakaa kimya. Kisha akasema babu yake, mlokole,
alilima zabibu miaka thelathini
akafa hajui watu wanapendea nini.
"Basi wewe utasoma kwa pua."

Nikasoma kwa pua.
Vumbi lililopigwa na tone la kwanza,
ndimu iliyosahauliwa jikoni, moshi wa kifuu,
majani ya chai yaliyolala ndani ya birika.
Kitabu kinataja matunda nisiyoyajua,
sijui cheri, sijui plamu;
nikaandika pembeni kwa penseli: zambarau, kunazi,
shokishoki likianza kuchacha.

Mwezi wa nne, ukumbi umejaa.
Mgeni wa meza ya sita ameshaitikia kwa kichwa,
meneja ameshatabasamu, chupa ni bei ya ng'ombe.
Nami nimesimama, kitambaa mkononi, na inanijia:
ukili. Ukili ulioroweshwa ukasahauliwa,
jamvi la matanga lililokunjwa na maji yake.
"Samahani. Hii kizibo kimeiharibu."
Meneja akanikata jicho.
Mgeni akanusa. Akanusa tena.
Akaisogeza gilasi mbali, kwa kidole kimoja.

Hakuna aliyepiga makofi. Chupa ikarudi, nyingine ikaja.
Riziki akanikanyaga mguu nyuma ya kaunta,
ndiyo pongezi yake.

Mshahara wa kwanza niliutuma wote.
Mama hakuuliza, wala hakuuchanganya.
Aliutia katika kopo la maziwa, peke yake,
mbali na pesa ya karafuu.
Hakununulia unga. Hakumlipia mdogo wangu ada.
Kwenye simu alisema tu, "Fedha nayo ina harufu yake,
na mjuzi wa harufu ndiwe."

Nilipokwenda sikukuu nikakikuta nyuma ya nyumba:
choo. Matofali, bati jipya, mlango wa komeo,
sakafu ya saruji imesuguliwa hadi inateleza.
Majirani wanakuja kukitazama, wengine na watoto.
Hakuna choo kama hicho Kiuyu,
pengine hata kwa sheha hakuna.

"Ingia," mama akasema, "ukione."
Nikaingia, nikatia komeo,
nikavuta pumzi kama nilivyofunzwa: tatu, fupi fupi.
Saruji mbichi. Chokaa. Msumari mpya.
"Kinanuka?" akauliza, yuko nje.
"Hakinuki kitu, mama."
Akanyamaza.
Halafu, kwa sauti ya chini, mdomo karibu na ubao:
"Una hakika?"