Ua

Nilikata vijiti kumi na tisa kwa Mama Shekue,
nikavichomeka mchangani shubiri kwa shubiri,
upande wa Mwantumu.
Hatukuwa tukisemezana. Kisa kuku.

Chumvi ya Sahare ilikula vinne.
Vilivyobaki nikavinywesha maji ya mchele,
nikiviambia: kueni upesi,
mniondolee uso wake.

Mwaka wa pili mhina ukachanua,
vishada vya rangi ya maziwa yaliyolala,
na harufu, usiku, ikavuka kwake
bila hodi.

Ikaja harusi ya Riziki.
Alfajiri nikaukuta umenyonyolewa hadi magotini,
na Mwantumu kasimama papo hapo,
pakacha limejaa, hakukimbia.
“Nimechuma bila kuomba.”
Nikamwona wote, mpaka kwenye kanga.

Tangu hapo kila ukinifika kiunoni
pana binti wa mtu anaolewa.
Fundi Mbelwa apitapo huuliza kwa kicheko:
huu ni ua, au hili ni ua?
Mimi nilipanda tu. Ngeli sikuchagua.

Jana alinipaka kidole cha mwisho, kimoja,
masalio ya bakuli.
Nimekiinua juu hivi,
naandika kwa vinne.