Aina ya Mzigo

Siku kumi na moja nimekaa ghorofa ya tatu, Michenzani,
chumba cha kukodi, dirisha moja,
na kofia ya vito ninayoidarizi nisionekane sina kazi.
Majirani wananiita Mshonaji. Sikuwasahihisha.
Jina langu limo ndani ya bahasha,
na bahasha anayo wakili, Vuga,
aliyeniambia: "Usiniletee maneno. Niletee saa na picha."

Mlengwa: Mcha Ussi Pandu, miaka arubaini na mbili,
mpagazi wa hoteli, kule Kiwengwa.
Anasema mgongo uliteguka chini ya friji ya wageni.
Anadai fidia. Watu wa bima wanasema anaigiza.
Mimi sisemi kitu. Mimi ni jicho,
na jicho hulipwa kwa siku, nauli mbali.

Kamera yangu haizidi kifungo cha kanzu.
Imo kikapuni, baina ya nyuzi na mkasi,
inatazama mlango wa jumba la pili
bila ya kupepesa, bila ya kuuliza huyu nani.

Nimejua mengi yasiyo na mnunuzi.
Hununua mkate wa mofa mmoja, akaukata nusu palepale njiani.
Hupanda ngazi kwa ubavu, mkono ukutani,
akifika katikati husimama, akajifanya anasoma simu.
Siku ya sita nikaandika: anachechemea hata akiwa peke yake.
Wakili akajibu neno moja: Endelea.

Nikaendelea. Tundu baada ya tundu.

Leo alfajiri, maji hayajapanda,
taa za ngazini zimekufa tangu Shaabani,
nikamwona kupitia matofali ya matundu, kwa vipande:
bega, kanga, kisigino, kanga tena.
Akatokea mlangoni ameinama kama herufi ya dali,
na mgongoni, amefungwa kwa kanga mbili,
Bi Mize, mama yake, miguu imevimba kama mihogo,
anapelekwa Mnazi Mmoja kusafishwa damu.
Midomo ya Mcha ilikuwa ikienda. Sijui dua, sijui tusi.

Kamera haikutikisika.

Sasa fomu iko mbele yangu.
Muda: saa kumi na moja na dakika hamsini.
Je, mlengwa amebeba mzigo? Ndiyo.
Aina ya mzigo.
Hapo kalamu imekauka mara tatu.
Makisio ya uzito, kwa kilo.
Mimi wangu alizikwa Mwanakwerekwe
nikiwa kazini Mkoani, nachungulia ghala la karafuu la watu;
jeneza walilibeba wengine. Sijui alikuwa na uzito gani.

Picha zimekwenda, kumi na nne, sikukata hata moja.
Nafasi mbili za fomu nimeziacha tupu.
Wakili hakuziona. Ameandika: "Hongera. Tumeshinda."

Nafungasha kikapu. Kofia imebaki safu moja.
Kipimo cha kichwa chake nakijua kwa kumtazama tu:
inchi ishirini na mbili na nusu.