Neno la Paka

Nakala tulitoa tatu, kwa kijana wa fotokopi pale Makadara:
moja ndani ya bitana ya sanduku lako,
moja chini ya msahafu,
ya tatu kwa Mwalimu Shee wa Kuze,
maana nyumba yaweza kuungua
na mwalimu hajawahi kupoteza hata kifungo.

Dawa ya pumu, pampu mbili. Si moja.
Ukanambia, Mama, Dammam maduka ya dawa yamejaa.
Nikakwambia pia kuna Ijumaa, kuna usiku,
kuna mlango uliofungwa kwa nje.

Nambari yangu ulikuwa nayo kwenye simu tu,
na simu ndiyo huchukuliwa kwanza.
Basi usiku tisa nilikuamsha saa nane:
Mwanasha, nambari!
Nawe macho umefumba, udenda shavuni,
sufuri, saba, mbili...
(Zilizosalia sizitaji. Nilikufunza kuficha, nami nafuata.)

Kisha lile neno.
Wakiwa wanakusikiliza, usilie, usitaje ubalozi.
Uliza tu: paka amezaa?
Tukacheka mpaka tukashika mbavu,
kwani nyumba hii haijafuga paka:
babako, Mungu amrehemu, akimwona tu alipiga chafya.
Ukiuliza paka, nitajua.
Nitavaa buibui, nitachukua karatasi chini ya msahafu.
Nauli ya Nairobi imo kwenye kopo la hiliki,
haiguswi, hata kwa ada ya shule.

Uliondoka Jumatano.
Jumapili ya pili akaja, sikio moja, tumbo limetuna,
akaingia uvunguni mwa kitanda chako,
pale pale lilipokuwa sanduku,
akazaa wanne.

Nifanyeje? Nimemtoa kwa ufagio, amerudi kwa dirisha.
Ukipiga simu nakimbilia barazani,
nakupa bei ya nyanya, harusi ya kina Tima,
ukuta wa choo ulioanguka.
Jana kitoto kimoja kikalia. Ukanyamaza.
Mama, ni nini hicho?
Bawaba, nikasema. Yataka mafuta.

Siwezi kukwambia, mwanangu.
Neno lile ni mlango wa dharura,
hupangi magunia ya mchele mbele yake.

Vitoto vitatu nimeshagawa.
Mama yao habanduki. Amelalia shuka lako,
na kila saa nane ya usiku
namkuta macho wazi, ananitazama
nikisema peke yangu
sufuri, saba, mbili.