Uzi Mwekundu

Barua haikuwa na jina:
"Mikono ya Urve inapukutika."
Tartu, saa kumi alfajiri, theluji mlangoni,
mikate myeusi tanurini.

Nilimwita. Nikamumunya maneno.
Akavua glavu, akailaza mikono mezani:
mabaka mekundu, magamba meupe kama chumvi.
"Hauambukizi. Daktari anajua, nawe sasa umejua.
Lakini mimi si ubao wa matangazo.
Waambie wewe, nisipokuwepo."

Nikawaambia. Heino akatazama viatu vyake.
Ave akauliza, "Na unga je?"
"Glavu," nikasema, "kama zako."
Nikadhani yamekwisha.

Zamu ilipomalizika, nikisuuza vyombo,
nikakuta kikombe chake kimefungwa uzi mkononi,
kisije kikachanganywa na vingine.
Uzi ule naujua.
Niliufunga mimi,
Jumatatu.